Je, Wajua? Kerezo Inazunguka, Maajabu Yanamwagika

Sogea karibu, msomaji, nafasi ipo. Leo benchi letu limejaa maranda kwa sababu tunaitazama kerezo, ile mashine inayozungusha kipande cha mti au pembe huku patasi ya fundi ikikichonga hadi kikawa mviringo safi. Kalamu, pia, kete, shanga, miguu ya vitanda: vyote vimepita hapo. Haya, shika hili la kwanza!

MASHINE KONGWE, MIGUU KAZINI

Je, wajua kwamba kerezo ilichorwa miaka 2,300 iliyopita? Picha ya kale kuliko zote zinazojulikana imechongwa ukutani kwenye kaburi la kuhani Petosiris huko Misri, karibu mwaka 300 kabla ya Kristo. Mafundi ni wawili: mmoja anavuta kamba kuzungusha mti, mwenzake ameshika chombo cha kukatia.

Kerezo za zamani hazikuzunguka upande mmoja tu. Kamba ikivutwa, mti ulikuja kwa fundi. Ikirudi, mti ulikwenda kinyume na patasi ikabidi isubiri. Nusu nzima ya mizunguko ilipita bila kukata kitu, na bado watu walikula kwenye mabakuli mazuri ajabu!

Unaikumbuka kekee ya seremala wa pwani, ile inayozungushwa kwa uta? Kamba na uta huo huo vilizungusha kerezo kwa karne nyingi, kuanzia Afrika Kaskazini hadi India. Mtambo mmoja, kazi mbili!

Nenda Marrakech, Moroko, ukamtazame fundi wa kukereza sokoni. Mkono mmoja unavuta uta, mwingine umeshika patasi, na vidole vya mguu vinaielekeza ncha yake. Ndiyo, vidole vya mguu! Na shanga inatoka laini tupu.

Umewahi kusikia karakana inayoufuata mti msituni? Kwenye vilima vya Chiltern, Uingereza, mafundi walijenga vibanda katikati ya miti na kukereza miguu ya viti pale pale gogo lilipoangukia. Injini yao ilikuwa ufito unaonepa, kamba, na mguu wa fundi. Miguu ikishakauka, ilipelekwa mji wa High Wycombe kuunganishwa viti.

Leonardo da Vinci naye yumo. Katika karne ya 15 alichora kerezo ya kanyagio yenye gurudumu zito, ili mti uzunguke upande mmoja tu bila kurudi nyuma. Mchoro upo hadi leo!

Kabla ya miaka ya 1800, kila nati ilikuwa na skrubu yake, na ukipoteza moja, nyingine ni ya kutupa. Kisha Henry Maudslay wa London akatengeneza kerezo ya chuma iliyokata skrubu zinazolingana, moja baada ya nyingine. Kila gari na kila cherehani unayoijua ina deni kwa mashine ile.

WAFALME NA WATAWA WENYE VUMBI MIKONONI

Peter Mkuu, mtawala wa Urusi, alikuwa na urefu wa zaidi ya mita 2 na mapenzi makubwa kwa kerezo. Alikuwa na chumba maalumu cha kukereza, na fundi wake Andrey Nartov akamuundia mashine za ajabu. Kadhaa kati ya hizo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Hermitage, St. Petersburg.

Mfalme mwingine huyu hapa: Louis XVI wa Ufaransa. Alipenda kufuli, alipenda vyuma, alipenda kerezo. Moja aliyotengenezewa mwaka 1780 ipo kwenye makumbusho ya ufundi mjini Paris, na mapambo yake ni ya kifalme kweli kweli.

Kitabu kikubwa cha kwanza kuhusu ufundi huu kilichapishwa Lyon mwaka 1701. Aliyekiandika ni mtawa, Charles Plumier. Sasa subiri: mtawa huyu alikuwa pia mtaalamu wa mimea, na ule mti wa plumeria wenye maua meupe yanayonukia jioni bustanini umepewa jina lake!

Familia ya Holtzapffel mjini London iliunda zaidi ya kerezo 2,500 za mapambo, kila moja na namba yake. Wanunuzi walikuwa mabwana wenye mali waliokereza kwa kujifurahisha tu. Na mti mmoja walioupenda kuupamba? Mpingo kutoka Afrika!

VIDOGO VILIVYOSHINDA VIKUBWA

Malkia Shotoku wa Japani aliagiza pagoda ndogo za mti. Ngapi? Milioni 1! Kazi ilianza mwaka 764 na ikamalizika mwaka 770, na zote zilikerezwa kwa mikono.

Usiondoke hapo bado. Ndani ya kila pagoda kulitiwa karatasi yenye sala ya Kibudha, na sala hizo ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi yaliyochapishwa ambayo bado yapo duniani. Hekalu la Horyu-ji peke yake limetunza pagoda zaidi ya 40,000.

Wanasesere wa Urusi, wale wa mmoja ndani ya mwingine, hukerezwa kuanzia yupi? Wengi husema mkubwa. La! Fundi huanza na yule mdogo asiyefunguka, kisha humpimia wa pili, na wa tatu, hadi mkubwa wa mwisho.

Seti kubwa kuliko zote iliyoingia kwenye vitabu vya rekodi ina wanasesere 51. Mkubwa ana sentimita 53.97. Mdogo ana sentimita 0.31, yaani milimita 3 na ushee! Jaribu kumshika bila kumpoteza.

Hii ya Seiffen, Ujerumani, itakushangaza. Fundi anakereza pete kubwa ya mti, anaipa mabonde na vilima ambavyo wewe ukivitazama huelewi kitu. Kisha anaipasua vipande vyembamba kama mkate wa sinia, na kila kipande kinaanguka mezani kikiwa farasi, ng'ombe au tembo!

Zaidi ya hapo, fundi huyo hamwoni mnyama wake wakati wa kazi. Mgongo, tumbo na miguu vyote vimefichwa ndani ya pete inayozunguka. Anamjua kichwani tu, mpaka siku ya kupasua.

Mafundi wa Guangzhou, Uchina, walichukua tufe moja la pembe na kukereza matufe ndani yake, moja ndani ya jingine, yote yakizunguka kwa uhuru. Mengine yana tabaka zaidi ya 20. Hakuna gundi, hakuna kiungo: walitoboa matundu kuelekea katikati, wakaingiza visu vilivyopinda, wakaanza kuachanisha tabaka la ndani kabisa.

Unacheza sataranji? Kete zinazotumika kwenye mashindano leo zina umbo lililosajiliwa London mwaka 1849 na kupewa jina la bingwa Howard Staunton. Karibu kila kete hutoka kwenye kerezo. Farasi pekee ndiye anayekataa: kichwa chake lazima kichongwe kwa mkono.

Shika tasbihi yako uhesabu: shanga 33 au 99, na zote zinalingana. Huko Erzurum, Uturuki, hukerezwa kutokana na jiwe jeusi la Oltu. Jiwe hilo kwa asili ni mti, uliokaa ardhini mamilioni ya miaka!

Na pia, ile ya kuchezea? Ipo moja ya mti ambayo ukiizungusha inajipindua yenyewe na kusimama juu ya kijiti chake. Mwaka 1951, mjini Lund, Uswidi, Niels Bohr na Wolfgang Pauli walipigwa picha wameinama chini wakiitazama. Wote wawili ni washindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia, na macho yote yako kwenye mchezo wa watoto!

George Lailey wa Bucklebury, Uingereza, alikuwa akitoa mabakuli kadhaa kwenye pande moja la mti, moja ndani ya jingine, bila kuharibu kilicho katikati. Alitumia kerezo ya kukanyaga kwa mguu na visu vilivyopinda hadi mwisho wa maisha yake mwaka 1958. Kerezo yake iko makumbusho mjini Reading, nenda ukaione.

Yale madirisha ya mashrabiya ya Cairo yameundwa kwa vijiti vilivyokerezwa, mamia kwa mamia, vikishikana bila msumari wala gundi. Kwa nini? Jua likiwaka mbao hubadilika, na vijiti huru vina nafasi ya kupumua. Aliye ndani anaona barabara. Aliye barabarani haoni kitu.

RANGI INAYOTOKA KWA MDUDU

Mji wa Channapatna, kusini mwa India, umejaa wanasesere wa mti wenye rangi za kuwaka. Fundi hapaki kwa brashi! Anabonyeza kipande kikavu cha laki kwenye mti unaozunguka, msuguano unazaa joto, laki inayeyuka na kujipaka yenyewe.

Na kung'arisha je? Wanatumia jani kavu la mti wa jamii ya mkadi, ule unaonukia kwenye vikuba vya pwani. Jani linabonyezwa juu ya laki yenye moto, na mng'ao unatokea papo hapo.

Laki hiyo yenyewe ni kazi ya mdudu mdogo anayeishi kwenye matawi. Hutoa utomvu, watu huukusanya na kuusafisha, na wakereza kalamu huupenda sana. Umewahi kumeza kidonge chenye mng'ao, au pipi inayong'aa? Basi huenda umeshailamba!

Kabla ya santuri za plastiki, santuri zilitengenezwa kwa laki hiyo hiyo. Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu, sauti yake iliingia kwenye utomvu wa mdudu. Na ikavuka bahari kurudi nyumbani!

SASA TUKEREZE KALAMU

Tundu la kalamu nyembamba ya kukereza lina upana wa milimita 7 tu. Humo hupita bomba dogo la shaba, gundi hulibana, na mti hubaki nje ukingoja patasi. Ukimaliza, mti uliobaki pembeni ya bomba unaweza kuwa na unene wa milimita 2!

Mizunguko 3,000 kwa dakika: hiyo ni kasi ya kawaida ya kukereza kalamu. Ukifanya kazi dakika 10 tu, kalamu yako imeshazunguka mara 30,000. Na wino haujatiwa bado.

Piga hesabu hii nami. Kalamu yenye upana wa milimita 12 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, uso wake unakwenda chini ya kilomita 7 kwa saa. Weka bakuli la sentimita 30 kwa mzunguko huo huo, na ukingo wake unakimbia karibu kilomita 170 kwa saa! Ndiyo maana fundi wa bakuli hupunguza kasi kwanza, kisha ndipo hugusa swichi.

Glovu hulinda mikono kila mahali, isipokuwa hapa. Kwenye kerezo fundi hukaza vifungo, hukunja mikono ya shati, huvua pete, na glovu huziacha mezani. Kitambaa kikinaswa, mashine haimsubiri mtu.

Tazama ncha ya patasi kwa karibu. Ikiwa kali na imelala vizuri, hutoa utepe mwembamba unaoruka juu ya kiganja, na mti unabaki unateleza bila msasa. Ikiwa butu, hutoa unga, na sauti inabadilika kutoka mruzi hadi mkwaruzo. Fundi mzoefu husikia kosa kabla ya kuliona!

Msasa wa seremala wa kawaida huwa wa namba 80, 120, labda 240. Mkereza kalamu hupanda hadi namba 12,000! Ukiushika unadhani ni kitambaa tu, lakini kalamu inatoka ikionyesha taa ya dari.

Mng'ao wa kalamu nyingi za mti ni supaglu, ndiyo, ile ya kubandikia viatu. Harry Coover aliigundua nchini Marekani mwaka 1942 wakati wenzake wakitafuta plastiki ya kulengea bunduki, wakaiacha kwa sababu ilinata kwenye kila kitu. Iliingia dukani mwaka 1958, na leo hupakwa tabaka kwa tabaka juu ya kalamu inayozunguka.

Usitupe gunzi la mahindi! Likikaushwa vizuri na kunyweshwa gundi maalumu hadi ndani, hukerezwa kuwa kalamu yenye mapambo ambayo hakuna mchoraji angeyabuni. Vile vishimo vya punje huwa madoa ya rangi.

Wapo watu wanaoandika kwa mti wa miaka 45,000. Huko Nyuzilandi, magogo ya mkauri yalizama kwenye vinamasi enzi za kale na hayakuoza. Yakichimbuliwa na kukaushwa, yanakerezeka na kung'aa mithili ya mti wa jana!

WINO NAO UNA VITUKO

Khalifa al-Mu'izz wa Misri alitaka kalamu isiyochafua vidole. Katika karne ya 10 akatengenezewa moja yenye wino ndani yake, ambayo ungeweza kuigeuza juu chini bila tone kudondoka. Hayo yameandikwa na kadhi wake, al-Nu'man.

Mwaka 1827 mwanafunzi wa Kirumania, Petrache Poenaru, alisajili mjini Paris kalamu inayobeba wino wake. Alichoka kuchovya kila baada ya maneno machache alipokuwa akiandika darasani. Uvivu mzuri namna gani huo!

Chukua mpira wa mti, changanya na salfa nyingi, pika. Unapata ebonaiti, ngumu, inayokerezeka na nyepesi mkononi. Lewis Waterman alisajili kalamu yake ya wino nchini Marekani mwaka 1884, na kwa miaka mingi ebonaiti ndiyo iliyokuwa vazi la kalamu bora duniani.

Sugua kalamu ya ebonaiti kwa kidole uinuse: salfa! Iache juani muda mrefu, na weusi wake utafifia kuelekea kahawia. Wakusanyaji wa kalamu huzitambua za kale kwa pua na macho tu.

Gandhi aliwahimiza Wahindi watengeneze vitu vyao wenyewe. Mjini Rajahmundry, K. V. Ratnam akakereza kalamu ya ebonaiti kwa mkono, na mwaka 1935 Gandhi akamwandikia barua ya shukrani. Kalamu za Ratnam zinakerezwa Rajahmundry mpaka leo!

László Bíró alikuwa mwandishi wa habari wa Hungaria aliyechoshwa na wino usiokauka. Akaweka gololi ndogo kwenye ncha, izunguke na kubeba wino mzito. Nchini Ajentina alikohamia, siku yake ya kuzaliwa, Septemba 29, ni Siku ya Wavumbuzi!

Gololi hiyo ina upana wa milimita 1 hivi. Chora mstari wa kilomita 1, na itakuwa imezunguka zaidi ya mara 318,000. Kalamu yako, kumbe, nayo ina kerezo yake mdomoni!

MITI YETU, MACHO YA DUNIA

Tupa kipande cha mpingo majini. Kinazama! Mita moja ya ujazo ya mpingo mkavu ina uzito wa kilo 1,200 hivi, na maji ni kilo 1,000 tu.

Mpingo ukiwa shambani haujigambi. Ni mti mdogo, uliopindapinda, wenye miiba, na mbao ya nje ni ya manjano. Weusi wote umefichwa kwenye kiini, na ukiukata mbichi unaona zambarau ndani yake.

Huchukua miaka 70 hadi 100 mpingo kufikia ukubwa wa kuvunwa. Kalamu ya mpingo hukerezwa kwa saa moja. Uishike kwa heshima basi: umri wake unamzidi babu yako!

Klarineti na obo za orkestra kubwa duniani, na zumari za mfuko za Uskoti, nyingi ni mpingo uliokerezwa. Mti huvumilia pumzi yenye unyevu bila kupasuka upesi, na tundu lake hubaki laini. Sehemu kubwa ya mpingo huo hutoka Tanzania na Msumbiji, kwa hiyo Mozart akipigwa Vienna, kusini mwa Tanzania huenda kumo ndani.

Mwaka 2009 misitu ya vijiji wilayani Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha uvunaji mzuri. Ilikuwa misitu ya asili ya kwanza barani Afrika inayosimamiwa na wanavijiji kukipata. Mpingo nao ukaanza kuwalipa waliokaa nao miaka yote.

Kata mnazi uhesabu miaka yake kwenye duara za shina. Huwezi! Mnazi hauna duara za mwaka. Una nyuzi nyeusi zilizotawanyika, nyingi na ngumu nje, chache na laini katikati. Ukikerezwa kalamu, nyuzi hizo huwa vistari vyeusi vya kupendeza.

Tembelea makumbusho ya Lamu, na uinamie vitanda vya kale. Miguu imekerezwa pete juu ya pete, shingo nyembamba, tumbo nene, na yote minne inafanana. Hakuna kompyuta iliyopima. Ni jicho la fundi tu.

Mipira ya biliadi ya zamani ilikerezwa kutokana na pembe za ndovu, nyingi zikipitia soko la Zanzibar. Jino moja lilitoa mipira michache tu. Miaka ya 1860 kampuni moja ya New York ikatangaza dola 10,000 kwa atakayepata kitu mbadala!

John Wesley Hyatt akaitikia wito, na mwaka 1870 akasajili seluloidi. Miaka ya 1920, Sheaffer na Parker wakaigeuza kalamu za rangi za kuvutia, wakaachana na weusi wa ebonaiti. Kumbe kalamu ya kijani ya mzee wako mwalimu ilizaliwa kwenye meza ya biliadi!

Kokwa ya mkoma ikikauka huwa nyeupe na ngumu, na wakereza huitumia badala ya pembe. Zamani zilisafirishwa kutoka Eritrea kwenda kuwa vifungo vya mashati Ulaya. Na anayeyala matunda yake na kusambaza mbegu porini ni nani? Ndovu mwenyewe!

Sandarusi ya pwani yetu ilichimbwa ardhini, utomvu wa miti iliyokufa zamani mno. Katika karne ya 19 meli ziliibeba kutoka Zanzibar hadi Salem, Marekani, ikawa vanishi ya magari ya farasi na samani. Ilipooshwa, uso wake ulionekana una vipele vidogo kila mahali, na wafanyabiashara waliitambua kwa hivyo.

Kereza kikombe cha mti mbichi leo kiwe duara kamili, kiache kikauke. Ukirudi utakuta kimekuwa cha mviringo mrefu! Mti hunywea karibu mara mbili zaidi kufuata duara za mwaka kuliko kuzikata, ndiyo maana mti wa kalamu hukaushwa kabla haujaguswa.

NA MOJA YA MFUKONI MWAKO

Stempu ya kwanza ya gundi duniani ilitolewa Uingereza mwaka 1840, na pambo lililozunguka kichwa cha Malkia Victoria lilichorwa kwa kerezo maalumu. Mashine ilikisukasuka kipande kinachochongwa huku ikikizungusha, ikaacha mistari ambayo mkono wa mwizi usingeweza kuiga. Sasa toa noti yoyote uliyonayo, ya shilingi au ya faranga, uilete kwenye mwanga, na utafute maua ya mistari myembamba inayopishana bila kukatika: asili yake ni kerezo hiyo hiyo. Umeyaona? Haya, mpe na aliyekaa jirani ayatafute, na umuulize yeye anajua yametoka wapi!